Kyu-Shirataki: stesheni ya mwanafunzi mmoja, bili ya nani?

Huenda umewahi kuletewa hadithi hii kwenye simu: huko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, kampuni ya reli iliacha wazi stesheni ya kijijini kwa ajili ya binti mmoja wa sekondari, ikasubiri ahitimu ndipo ifunge. Hadithi tamu, ila imetiwa chumvi. Iliyosambaa Januari 2016 ilitaja Kami-Shirataki, kumbe binti alikuwa akipandia stesheni jirani, Kyu-Shirataki. Na zote mbili zilifutwa tarehe 26 Machi 2016 kwa sababu ndiyo siku ratiba za treni zilipobadilishwa. Mwaka wa shule wa Japani nao huisha Machi, ndiyo maana ikaonekana kana kwamba binti alisubiriwa. Siku hiyohiyo treni ya kasi, Shinkansen, iliingia Hokkaido kwa mara ya kwanza.

Tukiacha machozi kando, JR Hokkaido, kampuni yenyewe ya reli, ina hoja. Kyu-Shirataki haikuwa na mhudumu. Ni jukwaa fupi la mbao na kibanda cha kusubiria. Lakini theluji haiulizi abiria ni wangapi: jukwaa lazima lisafishwe kabla treni ya saa moja na kitu asubuhi haijafika. Kampuni yenyewe ilizaliwa na hasara. Shirika la reli la taifa lilipogawanywa mwaka 1987, JR Hokkaido ilipewa mfuko wa yeni bilioni 682 ili riba yake izibe pengo. Riba za Japani zikaporomoka, pengo likabaki. Novemba 2016 kampuni ikakiri kwamba haiwezi kubeba peke yake kilomita 1,237 za njia zake, karibu nusu ya mtandao mzima.

Hata hivyo, hesabu ya kufunga kituo kimoja kimoja hainishawishi sana. Treni za Asahikawa kwenda Abashiri bado zinapita palepale. Reli, madaraja na mahandaki, yaani vitu vinavyokula fedha hasa, viko vilevile. Kilichookolewa ni chenji. Anayepoteza ni mtoto asiye na leseni na mzee aliyeacha kuendesha. Tena kila kituo kinachofutwa hupunguza watu wa kuitetea njia yenyewe zamu yake ikifika.

Je, halmashauri zilipe gharama za stesheni? Mji wa Toyoura, hukohuko Hokkaido, umefanya hivyo kwa stesheni ya Koboro, iliyobanwa kati ya mahandaki na isiyofikika kwa gari. Karibu yake hakuna anayeishi, ila wapenzi wa reli huifuata kutoka mbali, na mji umeona faida ya kubeba gharama za matunzo tangu 2016. Sawa, fedha ni zao. Lakini kwa kipimo hicho stesheni ya watalii inapona, ya mwanafunzi inakufa.

Mji wa Yubari, nao wa Hokkaido, ulikwenda njia nyingine. Meya wa wakati huo, Suzuki Naomichi, hakungoja kufungiwa. Alikubali mwenyewe tawi la reli la kilomita 16 lifutwe, kwa masharti kwamba kampuni ichangie usafiri mbadala wa basi. Njia ikafungwa 2019, nao wakapata yeni milioni 750. Wapo waliomwona ameuza reli kabla haijapiganiwa, na wana haki ya kuuliza basi litadumu miaka mingapi. Mimi ningekuwa diwani wa kijiji kama Shirataki, ningekwenda mezani na madai ya Yubari, si na picha ya binti kwenye theluji.