Chumvi ya Lamu haili kioo cha simu

Eti hewa ya chumvi ya huku Lamu ndiyo inayokwangua ule utando wa kupitisha umeme kwenye vioo vya simu! Sikubali. Utando wenyewe ni oksidi ya indiamu (aina ya metali) na ya bati, takriban 90 kwa 10 kwa uzito, unapakwa kiwandani ndani ya chumba kilichofyonzwa hewa, na unakaa chini ya kioo cha juu, kidole hakiugusi. Simu za mabaharia ninazofungua hapa Langoni, kutu ya kijani naikuta kwenye pini za kebo inayounganisha kioo na simu, kioo chenyewe hakina kasoro. Sugua kwa spiriti na mswaki, mara nyingi tachi inarudi. Utando ukipakwa kwenye plastiki badala ya kioo, ndiko kuna kasoro: ukiipinda sana plastiki hiyo, utando unapasuka. Mafundi wa Malindi, nanyi mwaona hivyo?