Ukuta umeifukuza nderema

Ukitaka kula mboga ya nderema hapa London, nenda Whitechapel kwenye maduka ya Wabangladeshi. Wenyewe huiita pui shak. Inauzwa kwa mafungu marefu: mashina yana unene wa kidole, majani mazito yanang'aa, ukilikunja jani linakatika "ta!" na kuacha ute mkononi. Fungu moja linapita pauni mbili. Wanaonitembelea kutoka nyumbani huguna: pauni mbili kwa majani ya uani?

Kwetu Muheza, mkoani Tanga, nderema haikuwa na shamba. Ilijiotea kwenye ua wa michongoma, kando ya kijito, nyuma ya bafu palipo na unyevu, ikakwea chochote ilichokikuta. Ukikata ncha inachipua upya, na kipande cha shina ukikichomeka wakati wa mvua kinashika. Vitunda vyake vikiiva vinakuwa vyeusi vya zambarau. Watoto wa kike walivipaka midomoni, na ole wako vikupasukie kwenye shati jeupe la shule.

Shangazi aliichuma jioni, akaichanganya na mchunga, mboga chungu, ili kuupunguza ule uchungu wake. Kitunguu, nyanya, uduvi kidogo, halafu tui zito mwisho kabisa. Hakuiacha motoni muda mrefu, maana ikizidi kuiva utelezi wake unaishinda bamia. Na bada, ugali wa muhogo, pembeni, hapo usimsemeshe mtu.

Pale dukani mama mmoja wa Kibangladeshi aliniuliza sisi tunaipikaje. Nilipotaja uduvi akacheka, kumbe na wao huipika na kamba. Mgeni akija nyumbani kwake, humwandalia hiyo hiyo bila wasiwasi wowote. Kwetu mgeni akiikuta nderema mezani, mwenye nyumba ataanza kuomba radhi: "Utusamehe mgeni wetu, leo ni majani tu."

Wenzangu wa ughaibuni mboga za asili zikitajwa huwalaumu vijana wa nyumbani, eti wamezoea chipsi. Mimi siwalaumu. Chipsi na nderema zingeweza kuishi mtaa mmoja. Kilichoifukuza nderema ni ukuta, na kuta nyingi zimejengwa kwa pesa tunazotuma sisi.

Angalieni viwanja vya watu walio nje, kuanzia Muheza mpaka Tanga mjini. Bati likishapanda, kinachofuata ni tofali kuzunguka kiwanja kizima, geti la chuma na vipande vya chupa juu. Saruji haitoki mbali, kiwanda kiko hapo hapo Pongwe. Michongoma inang'olewa, uwanja unamwagiwa zege ili gari lisikwame kwenye tope, na mmea uliokuwa ukiishi kwa kuparamia ua wa mwenzake unakosa pa kushika. Halafu mwenye nyumba anamtuma dada wa kazi soko la Mgandini akanunue mchicha. Wezi wapo, nalijua hilo, na ukuta una raha yake. Lakini kiwanja kina pande nne, na mwizi haoni tofauti kubwa kati ya tofali na michongoma iliyoshonana vizuri. Aliyewahi kuchomwa na mchongoma ananielewa.

Huku London mwenye kibustani anahangaika. Mbegu anaziotesha ndani ya nyumba baridi ikingali kali, miche anaitoa nje joto likishakuja, anaijengea fito za kukwea, na barafu ya kwanza ikianguka kila kitu kimekufa. Tanga ina masika na vuli, na joto mwaka mzima. Huko nderema haidai kutunzwa. Inadai ua tu.

Mdogo wangu anajenga sasa hivi. Nimemwomba upande wa nyuma, kwenye mteremko wa kijito, aache seng'enge na michongoma. Hata hela ya tofali za upande huo nimemwambia abaki nayo. Amenijibu: "Kaka, watu watasema hela ya Ulaya imekuishia."