Kubahatisha ni Kubahatisha, Huku na Nyumbani

Kwa miezi miwili gari langu liliwaka vizuri Jumanne hadi Ijumaa, kisha Jumatatu alfajiri likagoma. Ukizungusha ufunguo unasikia "tik" moja chini ya boneti, taa za dashibodi zinafifia, kimya. Ni gari la milango miwili lenye paa la turubai linalojikunja kwa mota, limeshapita miaka 20, na ndilo linalonipeleka kazini kila siku. Sina jingine. Majirani zangu wa huku ughaibuni wananishauri niliuze kama chuma chakavu. Ndugu zangu wa nyumbani wanashangaa kwamba mtu alivuka bahari akaishia kulala chini ya gari kuukuu Jumamosi nzima.

Nalipenda gari hili, na sioni haya kusema hivyo. Lakini leo nataka kuzungumzia kauli ninayoisikia kila tunapokutana wahamiaji: kwamba huku magari yanatengenezwa kwa sayansi, na kule nyumbani yanatengenezwa kwa kubahatisha. Nimeyatengeneza magari pande zote mbili na siikubali kauli hiyo.

Nianze na ile Jumatatu. Gereji niliyokwenda huku ni safi, sakafu inang'aa, kila fundi ana kompyuta yake. Walichomeka, wakasoma, wakaniambia betri imechoka. Nikanunua mpya. Baada ya wiki mbili, Jumatatu, gari kimya. Nikarudi, wakasema basi ni alternata, ile mashine inayoijaza betri injini ikiwa imewaka. Jioni ile nilichukua mita yangu nikapima mwenyewe: injini ikiwa imewaka, taa kubwa na feni zikifanya kazi, kwenye betri nikapata volti 14.2. Alternata inayotoa hivyo haina kosa. Walitaka kunibadilishia kitu kizima kwa sababu kile cha kwanza hakikuwa jibu.

Nikampigia mjomba, ambaye ameshika spana tangu kabla sijazaliwa na ndiye aliyenifundisha kufungua nati ya kwanza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Bado linakugomea?"

"Bado. Sasa wanataka kubadilisha alternata."

"Hebu niambie. Ukishalizima, umeme unakwenda wapi?"

Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko kila kitu nilichoambiwa pale gereji. Ila mjomba hakuishia hapo. Aliongeza: "Kama huna nafasi ya kulitafuta, ng'oa waya wa betri kila Ijumaa, Jumatatu urudishe." Nikafanya hivyo kwa wiki tatu, na kila Jumatatu gari likawaka. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Gereji ya huku ilitaka kubadilisha kisichoumwa, na mjomba wangu mpendwa alinipa njia ya kuishi na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutafuta.

Kuutafuta kulinichukua Jumamosi moja na nusu, kwa mita ya bei ndogo kabisa. Unafungua waya hasi wa betri na kuunganisha mita katikati, kwenye tundu lake la ampea 10. Buti unaliacha wazi lakini kitasa chake unakifunga kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa. Kisha unasubiri. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa kompyuta ndogondogo za gari huchukua dakika nyingi kulala baada ya kuzima injini. Mimi huzipa saa nzima. Gari lililolala sawasawa hula chini ya miliampea 50. Langu lilikuwa linakula 410.

Piga hesabu. Kutoka Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Zidisha kwa ampea 0.41, unapata karibu ampea-saa 25. Betri ya kigari kama changu ni ampea-saa 45, na kwenye baridi kali nguvu yake ya kupiga stata hupungua sana hata ikiwa imejaa. Siku za kazi ilijazwa njiani, ndiyo maana sikuona kitu. Jumatatu haikuwa na miujiza yoyote.

Kujua umeme unatoka wapi ni kazi ya fyuzi. Zamani tulikuwa tukizing'oa moja moja huku tukitazama mita. Kwenye magari yenye kompyuta nyingi, kuchomoa na kurudisha fyuzi kunaweza kuamsha kompyuta iliyokuwa imelala, ukaanza upya. Njia nzuri zaidi ni kuziacha mahali pake na kugusa kwa ncha za mita zile alama mbili za chuma zilizo wazi mgongoni mwa kila fyuzi, mita ikiwa kwenye milivolti. Ikisoma sifuri, hakuna umeme unaopita. Ikisoma chochote, hapo kuna mlaji. Nilipita fyuzi zaidi ya ishirini zenye sifuri, kisha moja ikasoma. Ilikuwa ya paa.

Nikageukia buti, nikainua zulia, na mkono wangu ukaingia kwenye maji.

Anayetaka kuendesha gari la paa la turubai kila siku na alijue jambo hili kabla ya mengine yote. Paa hilo halikuundwa liyafukuze maji yote nje kama bati. Mengi huteremka pembeni na kuingia kwenye mfereji uliofichwa nyuma ya viti, na kutoka hapo kuna mirija miwili, kulia na kushoto, inayoyashusha hadi chini ya gari. Majani na vumbi huingia humo na kugeuka tope. Mrija ukiziba, maji yanatafuta njia nyingine: chini ya zulia, ndani ya buti, kwenye soketi za nyaya. Gari langu lilikuwa na soketi moja ya paa iliyogeuka kijani kwa kutu ya shaba. Kwa sababu hiyo swichi ndogo inayoiambia kompyuta ya paa kwamba kifuniko kimefungwa ilikuwa haisikiki, na kompyuta ile ikakesha usiku na mchana ikisubiri paa limalize kujifunga.

Majani ya mti uliopo karibu na ninapoegesha ndiyo yaliyokuwa yakiua betri yangu.

Nilizibua mirija kwa uzi mnene wa plastiki, ule wa mashine ya kufyekea nyasi, taratibu, nikiuzungusha. Usipulize kwa upepo wa kompresa. Mrija unaweza kuchomoka kwenye kiungio chake ndani ya bodi, na hapo umejitengenezea tatizo jipya usiloweza kulifikia bila kung'oa nusu ya gari. Nikasafisha soketi, nikaikausha, nikaipaka grisi ya umeme. Mipira ya paa nikaipaka grisi ya silikoni, kwani mafuta ya kawaida yatokanayo na mafuta ghafi huivimbisha na kuilegeza. Halafu nikamimina lita moja ya maji polepole kila upande na kulala chini kutazama yanakotokea.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Kwa nini gereji ya huku hubadilisha, na fundi wa nyumbani hukarabati? Tunapenda kusema ni tabia, eti hawa ni wavivu wa kufikiri na wale ni wabunifu. Mimi naona ni hesabu. Mahali ambapo saa ya fundi ni ghali kuliko kipuri, utafunga alternata mpya hata kama ya zamani ilihitaji kaboni mbili tu, vile vipande vidogo vinavyochakaa ndani yake. Mahali ambapo kipuri ni ghali kuliko siku nzima ya fundi, ataifungua, atabadilisha kaboni, atasafisha, atairudisha. Kila mmoja anafanya kinachomlipa. Tatizo ni kwamba kutafuta chanzo hakumlipi yeyote kati yao, maana hakuna mteja anayefurahi kulipia saa tatu za kupima ambazo mwishoni zinazaa majani mkononi.

Na kompyuta haiondoi kubahatisha. Mfumo wa kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huziweka, kwa soketi ya aina moja umelazimishwa Marekani tangu magari ya 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli tangu 2001, na ni msaada mkubwa sana; nisingependa kurudi nyuma. Lakini kodi ni malalamiko. Mwaka jana taa ya injini iliwaka, kodi P0171, maana yake hewa imezidi kwa petroli iliyopo. Nimeona watu wakisoma kodi hiyo na kukimbilia kununua sensa ya oksijeni, yaani wanamfukuza aliyeleta habari. Tazama kwanza kompyuta inaongeza petroli kiasi gani. Kwangu ilikuwa ikiongeza asilimia 20 na zaidi gari likisimama na injini inanguruma taratibu, lakini nikipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka karibu na sifuri. Hali hiyo huonyesha hewa inayovuja baada ya kipimo cha hewa, kwa sababu tundu lilelile ni kubwa kwa injini inayovuta kidogo na dogo kwa injini inayovuta sana. Kama ingezidi kadiri ninavyokanyaga, ningeshuku pampu au filta ya petroli. Nilikuta ufa mdogo kwenye mpira wa hewa, upande wa chini usioonekana. Sensa ya zamani bado imo.

Upande wa nyumbani nina uchungu wangu, na nausema kwa sababu nawaheshimu mafundi walionilea: thamostati. Gari likichemka, jambo la kwanza wengi hufanya ni kuitoa na kuitupa, na mteja anaambiwa nchi zetu ni za joto, haihitajiki. Thamostati haijui nchi. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo, na nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 90. Ukiitoa, injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inamwaga petroli zaidi ikidhani ndiyo kwanza imewashwa, petroli inateremka kwenye oili, na ulaji unapanda. Kuna injini ambazo ukiitoa maji hupita njia ya mkato bila kwenda kwenye rejeta, na zinachemka zaidi. Halafu chanzo kinabaki palepale: rejeta iliyoziba kwa kutu baada ya miaka ya kujazwa maji matupu, au kifuniko kisichoshika tena presha. Kifuniko kile kidogo, pamoja na kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ndivyo vinavyofanya maji yasichemke mpaka zaidi ya nyuzi 120. Nilimwambia mjomba haya yote. Tulibishana karibu saa nzima.

Kuna sehemu moja ambayo nakiri huku pananitisha kuliko nyumbani, nayo ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu. Jua la nyumbani huua turubai, hukausha nyuzi za mshono na kuligeuza dirisha la plastiki kuwa la njano, lakini hayo yote unayaona na yanabadilishika. Chumvi hula kutoka ndani. Gari la kawaida hupata sehemu kubwa ya ukakamavu wake kutoka kwenye paa. Gari la wazi halina, hivyo nguvu yake imewekwa kwenye sakafu na kwenye vizingiti chini ya milango, na kutu ya hapo ni sawa na kutu kwenye uti wa mgongo. Ukitaka kujua hali yake, tazama nafasi kati ya mlango na bodi, juu na chini. Kisha piga jeki upande mmoja uitazame tena. Ikibadilika sana, au mlango ukaanza kukwama, liache gari hilo. Rangi mpya na paa jipya visikuhadae. Langu nimelilehemu kizingiti cha kushoto mara moja, kwa bati jipya lililokatwa na kuchomelewa ipasavyo, na kila mwaka kabla ya baridi naingiza nta ndani ya vizingiti kupitia matundu yake.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema gari kama hili haliwezi kuwa la kila siku. Linaweza, ila linakudai upime hata lisipoumwa. Mimi nina daftari: volti asubuhi, kiwango cha kulanti, miliampea mara moja kwa mwezi. Betri ikisoma 12.6 usiku mzima baada ya kuzima, nalala. Ikishuka hadi 12.2, imebaki kama nusu, na nataka kujua kwa nini kabla ya Jumatatu.

Juzi nilisoma miliampea 22. Mjomba alipiga kuuliza, nikamtajia, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimtumie ile mita yangu ya pili. Nimeshaifunga tayari kwa safari. Jambo linalonishughulisha sasa ni mrija wa kushoto: lita moja inatoka kwa dakika mbili, na wa kulia hauchukui hata moja. Jumamosi naingiza uzi tena.