Pea ya Mwisho Usiiposti

Jumamosi moja, Ramadhani ikielekea ukingoni, niliuza pea moja ya viatu mara mbili. Raba nyeupe, saizi 38. Dada mmoja wa Mbeya alishalipa kwa lipa namba tangu saa nne asubuhi, na kijana wangu wa Instagram akamjibu, "Tumepokea dada, mzigo unatoka leo." Saa saba mama mmoja akaingia dukani na binti yake, binti akajaribisha raba ile ile, ikamkaa, wakalipa, wakaondoka nayo. Tulikuja kugundua jioni tukifunga mizigo ya mikoani. Karatasi yenye jina na namba ya mteja iko mezani, boksi halipo.

Dukani kulikuwa na daftari, oda za mtandaoni zilikaa kwenye simu, na stoo ya ghorofani ilikuwa na hesabu yake. Hakuna aliyedanganya.

Kariakoo tunapenda kukimbilia mlango mpya: leo TikTok, kesho kundi la WhatsApp, keshokutwa tawi Mwenge. Mimi nasema hesabu iwe moja kwanza. Hela ikiingia, kiatu kinatoka rafuni dakika hiyo hiyo, kinabandikwa jina, kinawekwa kwenye kona ya oda. Ukisubiri hadi saa ya kufunga mzigo, unachezea hela ya mtu aliye mbali, asiyeweza kuja kukugongea meza. Na pea ya mwisho ya kila saizi haipostiwi kabisa, ibaki ya mteja wa dukani. Mwenzangu wa duka la jirani ananiambia napoteza mauzo. Kweli, machache yanapotea. Lakini mzigo wa meli kutoka Guangzhou, China, ni wiki kadhaa, na wa ndege kilo zake zinameza faida yote ya kiatu. Saizi ikiisha, imeisha.

Jumia, lile duka la mtandaoni, ilipofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, nilisikia watu wakisema Mtanzania hanunui asichokishika. Ananunua sana! Nenda stendi ya Magufuli pale Mbezi uone maboksi yaliyozungushiwa selotepu yakipakiwa kwenye mabasi. Anachotaka ni picha ya risiti ya basi kabla hajalala.

Yule dada wa Mbeya nilimrudishia hela yake yote na ya kutolea, kisha nikampigia mwenyewe kumwomba radhi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilishamwambia mwanangu atavaa Idi."