Kabla ya ekmo, tumlaze mgonjwa kifudifudi

Kila likitokea janga la moto, watu huuliza kwa nini majeruhi hawakuwekwa kwenye ekmo, mashine inayofanya kazi ya mapafu nje ya mwili. Nawaelewa. Lori la mafuta lilipopinduka na kushika moto Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, makumi ya watu walifia palepale, na vifo vikaendelea wodini hadi vikapita 100.

Aliyeungua sana hauawi na ngozi peke yake. Moshi aliouvuta na uvimbe wa mwili mzima hujaza maji kwenye vifuko vya hewa, na oksijeni haipiti tena hata mtungi ukifunguliwa wote. Ekmo huvuta damu kutoka mshipa mkubwa, huipitisha kwenye utando unaotoa hewa chafu na kuingiza oksijeni, kisha huirudisha mwilini. Haiponyi mapafu, inayapumzisha. Lakini ili damu isigande mirijani mgonjwa hupewa heparini, na huyu ana vidonda vibichi, tena anapelekwa thieta kila mara kukatwa ngozi iliyokufa. Anaweza kuvuja damu hadi afe.

Mimi nadai kwanza yale yasiyopigiwa picha. Mwaka 2000, utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa kupunguza pumzi inayosukumwa na mashine ya kupumulia (ventileta, si ekmo) kutoka mililita 12 hadi 6 kwa kila kilo, uzito ukikadiriwa kwa urefu wa mgonjwa, kulishusha vifo kutoka karibu asilimia 40 hadi 31. Gharama yake ni kugeuza kitufe! Mwaka 2013, watafiti wa Ufaransa waliwalaza kifudifudi wagonjwa wa mashine hiyo ambao mapafu yao yalikuwa yamezidiwa, saa 16 mfululizo au zaidi. Vifo vya siku 28 vikashuka kutoka asilimia 33 hadi 16.

Hao hawakuwa majeruhi wa moto, na kumgeuza mtu aliyeungua kifua na uso ni kazi nzito. Inataka wauguzi wanne au watano, mito, na mmoja anayeushika mrija wa kooni usichomoke. Zamu ya usiku yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa sita haiwezi.

Kwa hiyo fedha zianze kwa wauguzi wa chumba cha mahututi, kisha hospitali za wilaya zipate mtu wa kuweka mrija mapema, kabla koo halijavimba likaziba. Ekmo ije baadaye, kwenye hospitali ambayo tayari inamgeuza mgonjwa wake kila siku bila kusubiri daktari bingwa afike.