Pombe isiyongoja

Mpwa wangu kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Ana wazo la biashara: mbege, ile pombe yetu Wachagga ya ndizi na ulezi, iwekwe kwenye chupa. Lebo yenye picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kizibo cha bati, iuzwe Dar na ikiwezekana ifike mpaka huku. "Mjomba, wewe si unapika bia ndani kwako Uingereza? Haya mambo unayajua. Tuifanye ya kisasa." Nilimwandikia kwamba tutaongea. Jibu lenyewe lilikuwa refu kuliko ujumbe wa simu, ndiyo maana naliandika hapa.

Ni kweli napika bia. Naishi Sheffield, na Jumamosi moja kila mwezi jiko linakuwa langu. Nasaga kimea cha shayiri, nakiloweka kwenye maji ya nyuzijoto 66 kwa saa nzima ili wanga ugeuke sukari, nachuja, nachemsha saa nyingine moja na maua ya hopsi yanayoleta ule uchungu, halafu napoza haraka na kumimina kwenye ndoo ya lita 20. Hamira inatoka kwenye pakiti. Nafunika, na kwa wiki mbili kifuniko kinapumua taratibu pembeni ya mashine ya kufulia. Nina haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha sukari imepungua kiasi gani: siku ya kwanza inasoma 1.050, mwisho 1.010, hapo najua nimepata asilimia tano na ushee. Kila kitu naandika kwenye daftari.

Mwanzoni sikuwa na daftari, nilikuwa na haraka. Nilijaza chupa siku ya tano kwa sababu mapovu yalikuwa yamepungua, nikaongeza sukari ya kuipa gesi, nikazipanga kabatini. Saa nane usiku wa wiki iliyofuata tulisikia mlipuko, kisha wa pili. Mke wangu alidhani tumevamiwa. Niliokota vioo kwenye makoti ya watoto mpaka alfajiri, na zulia la ukumbini lilinuka kilabu kwa mwezi mzima.

Ninachotaka mpwa wangu akielewe kwanza ni kwamba huku jambo hili ni la heshima. Wanaopika bia majumbani ni wahasibu, walimu, mafundi umeme, karibu wote wanaume, na wanazungumzia hopsi kama watu wanaojadili mbegu bora za kahawa. Zamani ilibidi uwe na leseni. Ilifutwa mwaka 1963. Leo unapika kiasi chochote cha kunywa mwenyewe na wageni wako, mradi usiuze. Kukeneka ndiko kunakokatazwa bila kibali, kama gongo kwetu. Kazini wananiuliza nimepika nini safari hii, nami najibu kifua mbele.

Sasa mchukue shangazi yangu, kule juu Marangu. Anaotesha ulezi mpaka uchipue, anauanika, anausaga: hicho ni kimea, sawasawa na changu. Anachemsha ndizi zilizoiva kupita kiasi mpaka ziwe nyekundu kama udongo, anaziacha zichachuke siku kadhaa, anachuja, anachanganya na uji wa ulezi. Uchungu anaupata kwenye gome la msesewe. Ndiyo hopsi yake. Hamira hanunui. Iko kwenye vyombo, kwenye ndizi, hewani. Kipimajoto chake ni kidole cha shahada. Lakini kazi yake tumeipa jina la "pombe ya kienyeji", na tunalitamka huku tumekunja pua. Mimi nikifanya nusu ya anayoyafanya yeye, tena kwa kusoma maelekezo, naitwa fundi.

Nilishajaribu kuipika mbege hapa. Ulezi unapatikana kwenye maduka ya Wahindi, wao huuita ragi. Ndizi zilikuwa zile za dukani, ndefu na zisizo na harufu. Msesewe sikuwa nao, nikatia hopsi. Mke wangu, ambaye bia hagusi, alionja kijiko kimoja akasema inafanana na uji uliokasirika. Sikuweza kumpinga.

Turudi kwenye chupa. Hoja ya mpwa wangu ni kwamba mbege inaharibika upesi: leo tamu, kesho kali, keshokutwa imechacha. Kwake huo ni upungufu wa kurekebishwa. Nami nilifikiri hivyo hivyo mpaka nilipolitazama kabati langu vizuri. Nikimaliza mpiko mmoja nina chupa 40. Nakunywa mbili Ijumaa, moja Jumapili. Jirani nampa nne, ananishukuru kwa kadi. Zilizobaki zinangoja, nazo hazina shida, zinaweza kungoja miezi. Kwa kuwa zinangoja, sina sababu ya kumwita mtu leo, wala wiki ijayo. Nimewahi kunywa bia ya Krismasi mwezi wa nne, peke yangu, nikitazama mpira.

Mbege haikupi nafasi hiyo. Mtu haipiki kwanza halafu akatafuta wanywaji. Kuna posa, kuna matanga, kuna ndugu wawili wa kupatanishwa, kuna siku ya soko. Tarehe inatangulia na pombe inafuata. Ikishaiva, lazima watu wawepo, kwa sababu kesho haitakuwa ile ile. Shangazi anaonja kwanza mbele ya wote, kisha kata inazunguka.

Kinachonichekesha ni kwamba Waingereza hili wanalijua, tena wamelipigania. Bia yao ya jadi hukaa kwenye pipa ikiwa haijachujwa, hamira ingali hai, na pipa likishafunguliwa ina kama siku tatu tu kabla haijapoteza ladha. Viwanda vikubwa viliona huo ni usumbufu, vikaanza kuchuja, kuua hamira kwa joto na kusukuma bia kwa gesi. Ikawa safi, inasafiri, haiharibiki. Mwaka 1971 wanaume wanne waliokuwa mapumzikoni Ireland wakachoka, wakaanzisha chama cha kuitetea bia ya pipa, CAMRA, ambacho leo kina wanachama wengi mno. Walikuwa na kila chupa na kila mtambo, na bado wakadai warudishiwe pombe isiyongoja. Nenda baa yoyote nzuri hapa Sheffield, mhudumu atakwambia pipa lipi limefunguliwa leo, na wazee wanakuja kwa ajili ya hilo.

Kwa hiyo mtu akiniambia chupa ndiyo maendeleo, namuuliza: maendeleo ya nani? Mbege ukitaka itulie chupani bila kupasuka, ama uue hamira kwa joto, ama uichuje hamira pamoja na ulezi wote. Ukishafanya hivyo umebaki na maji ya ndizi yenye kilevi. Na fedha itabadili mkono. Leo mwanamke anayepika pipa moja anauza yeye, ada ya mtoto inatoka hapo. Kiwanda kikija, atakuwa anauza ndizi mkungu kwa mkungu, kwa bei anayopangiwa.

Sisemi kila kitu kiachwe kilivyo. Nimekunywa mbege kwenye vilabu ambako hata maji ya kusuuzia kata niliyaogopa, na kuna siku tumbo lilinihukumu safari nzima ya basi hadi Dar. Na wapo wapikaji ambao wateja wakizidi, pombe inazidi maji; methali ya mgema haikutungwa bure. Kama mpwa wangu ana mtaji, ajenge banda lenye sakafu ya saruji na maji ya bomba, anunue mapipa ya chuma kisichoshika kutu, afuate kibali, awalipe akina mama wanaojua. Aandike ubaoni kila asubuhi nani kapika na ilichujwa lini. Watalii wanaopanda mlima wanapita pale pale kuelekea lango la Marangu. Watembee wao kuifuata mbege. Hilo la ubao nimeliiba baa za huku, na sioni haya.

Nilimpigia shangazi mwenyewe kabla sijaandika haya, maana mali ni yake na hakuna aliyemuuliza. Nilimweleza habari ya chupa, lebo, Kibo, kizibo. Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekata. Kisha nikamwambia nakuja Desemba na watoto, na ningependa anipikie, nikaanza kuuliza kama debe mbili za ndizi zitatoa lita ngapi.

"Lita za nini?" akasema. "Mtakuwa wangapi?"