Msiulize alivyoinama, ulizeni alichobebeshwa

Bango la kufundisha namna ya kunyanyua mizigo mnalijua. Upande mmoja mtu kainama kuokota boksi, mgongo umepinda, kapigwa alama nyekundu. Upande wa pili mwenzake kachuchumaa, kifua mbele, mgongo umenyooka, kapewa alama ya kijani. Limebandikwa maghalani, viwandani na kwenye korido za wodi. Kazi yangu ni kukagua usalama na afya mahali pa kazi, na kila ninapolikuta nakasirika. Kukunja magoti hakuna ubaya. Kinachonikera ni kwamba bango linamhukumu mfanyakazi kabla hajaumia: siku kiuno kikikukamata, jua ulinyanyua vibaya.

Mimi nasema maumivu ya kiuno ya kazini yanatokana zaidi na jinsi kazi ilivyopangwa kuliko jinsi mtu anavyoinama. Anayepanga kazi ndiye wa kuulizwa kwanza.

Tatizo lenyewe ni kubwa. Makadirio ya mwaka 2020 yalihesabu watu milioni 619 duniani wenye maumivu ya kiuno, na inatazamiwa watafika milioni 843 ifikapo 2050. Hakuna hali nyingine ya kiafya inayowafanya watu waishi miaka mingi zaidi wakiwa na ulemavu. Katika hesabu hizo hizo, vihatarishi vitatu vilivyoweza kupimwa, yaani mazingira ya kazi, uvutaji wa sigara na unene uliozidi, vinaeleza zaidi ya theluthi ya madhara yote. Sigara na unene tunahubiriwa kila siku, kwa kuwa vinaonekana ni mambo ya mtu binafsi. Kazi imeachiwa bango.

Tuanze na mzigo, maana hapo ndipo watu hudhani wanajua. Wengi wanauliza una kilo ngapi, halafu basi. Umbali wa mzigo kutoka mwilini hauulizwi, na wakati mwingine ndio unaoamua kila kitu. Misuli inayoushikilia mgongo iko sentimita 5 hivi nyuma ya katikati ya pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo. Mzigo uko mbele. Ukishika boksi la kilo 10 likiwa sentimita 50 mbele ya uti wa mgongo, misuli hiyo inalazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 100 hivi, na hapo hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chako kilichoinama. Nguvu hiyo yote inazigandamiza diski za chini, yaani vile vifuto laini vilivyo kati ya pingili. Lisogeze boksi hilo hilo hadi sentimita 25, na hesabu inashuka nusu.

Sasa rudini kwenye bango. Boksi pana halipiti katikati ya magoti. Mtu akichuchumaa mbele yake kama alivyoelekezwa, magoti yanalisukuma mbele na umbali unaongezeka. Wapakiaji wazoefu wanalijua hilo kwa miili yao, ndiyo maana wanainama namna nyingine, na ndiyo maana wanakaripiwa. Mimi nikikuta boksi liko mbali na mtu, natazama rafu: ina kina kirefu mno, au mzigo umepangwa upande wa pili wa paleti na hakuna nafasi ya kuzunguka, au kuna ukingo wa chuma unaomzuia asisogee. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokichagua yeye.

NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, ina kanuni ya kukokotoa uzito unaofaa kunyanyuliwa, iliyorekebishwa mwaka 1991. Inaanzia kilo 23. Hizo ni kilo za hali bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno hivi, unashikika vizuri kwa mikono miwili, hakuna kujipinda, na unanyanyuliwa mara chache. Kila sharti likivunjwa, kilo zinapungua. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele, zinabaki 11 na nusu. Ongeza kujipinda kiuno ili kuuweka pembeni, ongeza kunyanyua mara kadhaa kwa dakika kwa zamu nzima, zinashuka tena na tena. Linganisheni na pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967, lililotaja kilo 55 kuwa kiwango ambacho mizigo ya mwanamume mzima ikizidi, hatua zichukuliwe kuipunguza haraka iwezekanavyo. Kilo 55 zenyewe ni nyingi mno kwa tunayoyajua leo, na bado kuna magunia yanayozidi hapo yanayopandishwa begani mwa mtu mmoja.

Halafu kuna mizigo isiyo na mshikio wala umbo. Nazungumzia binadamu. Wauguzi na walezi wa wagonjwa wako miongoni mwa wafanyakazi wanaoumwa sana viuno, na mtu akitaka kuelewa kwa nini, asimame wodini usiku atazame mgonjwa mmoja akihamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Kitanda hakishuki, kwa hiyo muuguzi anaanza akiwa ameinama. Anapitisha mikono chini ya makwapa, mgonjwa anamkumbatia shingoni kwa hofu, wanahesabu moja, mbili, tatu. Katikati ya safari goti la mgonjwa linalegea. Mwili mzima unaanguka upande mmoja, na muuguzi, ambaye hawezi kumwachia mtu sakafuni, anajipinda kumfuata. Sekunde mbili. Hapo hakuna mbinu ya kunyanyua inayosaidia. Wataalamu wa NIOSH walipoitumia kanuni yao kwa kazi ya kuhamisha wagonjwa, walipendekeza mwaka 2007 kwamba muuguzi asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi. Mtu mzima gani ana kilo 16? Maana yake ni kwamba mgonjwa asiyejiweza anahitaji mashine ya kunyanyulia kila mara. Na mashine hizo zipo katika sehemu nyingi. Niliyoonyeshwa katika hospitali moja ilikuwa imefungiwa stoo, betri haina chaji, ufunguo anao msimamizi wa mchana. Kwenye makaratasi, kifaa kilikuwepo.

Watu huniambia: basi tuwape mafunzo. Mafunzo ya kunyanyua yametafitiwa kwa miaka mingi, na tathmini zilizokusanya majaribio hayo, zikiwemo za Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa kitabibu, zinaonyesha kwamba kumfundisha mtu mbinu peke yake hakupunguzi maumivu ya kiuno. Mikanda ya kiuno hali kadhalika. Utafiti mkubwa uliofanywa na NIOSH kwa maelfu ya wafanyakazi wa maduka, uliochapishwa mwaka 2000, haukuona tofauti kati ya waliovaa na wasiovaa, si katika maumivu wala katika madai ya fidia. Kinachosaidia kuzuia ni mazoezi ya mwili ya mara kwa mara, na zaidi yakiambatana na elimu. Lakini anayemaliza zamu ya saa kumi na mbili, kisha akaambiwa aende akafanye mazoezi, ana haki ya kuuliza ni kwa muda wa nani.

Kuhusu kukaa kwenye kiti ofisini nitasema kidogo, kwa sababu kumesemwa kupita kiasi. Ushahidi kwamba kukaa peke yake ndiko kunakoleta maumivu ya kiuno ni dhaifu kuliko wauza viti wanavyotuambia. Inukeni, tembeeni, badilisheni mkao. Kukaa kunakonitia wasiwasi zaidi ni kwa madereva wa malori, matrekta na mitambo ya ujenzi, kwa sababu ya mtetemo. Uti wa mgongo wa mtu aliyeketi huitikia zaidi mitetemo ya mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na gari zito kwenye njia mbovu linatoa mitetemo ya aina hiyo hiyo kutwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2002 viwango vya ukali wa mtetemo kwa siku ya saa 8, vinavyopimwa kwa mita kwa sekunde mraba: ukifika 0.5 mwajiri lazima achukue hatua, na usizidi 1.15. Dereva huyo akifika anaruka chini na kuanza kushusha mzigo papo hapo, misuli ikiwa imechoka na mtikisiko. Robo saa ya kutembea kwanza ingemsaidia. Ratiba haina robo saa.

Na ratiba ndiyo ninayotaka tuijadili kwa ukali zaidi. Utafiti mmoja wa Sydney, uliochapishwa mwaka 2015, uliwauliza wagonjwa 999 waliopata maumivu ya ghafla ya kiuno walikuwa wakifanya nini muda mfupi kabla. Mkao mbaya na mizigo mizito vilionekana, kama ilivyotarajiwa. Ila kilichoongeza hatari kuliko vyote kilikuwa kufanya kazi huku akili imevutwa kwingine: mara 25. Uchovu nao uliongeza karibu mara nne. Maumivu mengi yalianza kati ya saa moja asubuhi na saa sita mchana. Usiku diski hufyonza maji na kuvimba kidogo, na asubuhi huwa ngumu kupinda. Wakati huo ndio maghala mengi hupokea mizigo mizito. Basi ni nani anayemfanya mtu abebe huku anajibu redio ya msimamizi? Ni nani anayepanga saa ya lori kuingia, na ni nani aliyeamua kwamba timu ya watu wanne leo iwe ya wawili? Anayelipwa kwa idadi ya mizigo hawezi kupumzika bila kujikata mshahara, na anajua hivyo kila anapokunjua mgongo.

Kuna utafiti mwingine unaotumiwa vibaya. Kwenye viwanda vya Boeing, wafanyakazi zaidi ya 3,000 walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 1991: waliosema hawaifurahii kazi yao walikuwa na uwezekano wa mara 2.5 zaidi wa kuripoti tatizo la mgongo. Wako waajiri walioyasoma hayo wakahitimisha kwamba wanaolalamika ni wavivu. Mimi nayasoma kinyume chake. Kazi ya kuchosha, isiyo na kauli, yenye msimamizi asiyesikia, ni kihatarishi kama mzigo mzito ulivyo, na inaingia mwilini kwa njia ya mkazo, usingizi mbovu na misuli isiyolegea.

Hoja nyingine ya kuwakwepa wafanyakazi ni picha ya MRI, ile inayopigwa kwa sumaku kuonyesha ndani ya mwili. Anaambiwa diski zimechakaa, ni umri, si kazi. Mwaka 1994 watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo walipigwa picha hizo, na asilimia 64 kati yao walikuwa na kasoro angalau kwenye diski moja. Kwa hiyo picha hiyo peke yake haithibitishi kwamba uchakavu ndio unaomuumiza. Kwa wagonjwa walio wengi, hadi tisa katika kila kumi, hakuna kiungo kimoja kinachoweza kunyooshewa kidole. Maumivu yao ni ya kweli hata hivyo. Ila ganzi ikiingia kati ya mapaja, mkojo ukashindikana au kutoka wenyewe, mguu ukaishiwa nguvu, au maumivu yakaja na homa, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kinachotabiri vizuri zaidi maumivu ya kesho ni maumivu ya jana, kwa hiyo siku ya kurudi kazini ina uzito wake. Kulala kitandani hakusaidii. Jaribio lililofanyika Helsinki kwa wafanyakazi wa jiji na kuchapishwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona haraka kuliko walioambiwa walale kitandani. Waajiri wengi wameshika nusu ya sentensi hiyo. Wanamrudisha mtu kwenye rafu ile ile, kwa kasi ile ile, na karatasi ya daktari yenye maneno "kazi nyepesi" ambayo hakuna aliyeyafafanua. Kazi nyepesi iandikwe kwa kilo, kwa idadi ya kunyanyua kwa saa, na kwa jina la mwenzake atakayeshika upande wa pili. Iwekwe na tarehe ya kuangaliwa upya, na mfanyakazi mwenyewe awepo siku hiyo.